Mume wa Auguste Deter

Mwezi wa Novemba 1901, Auguste Deter, mke wa karani wa reli, alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt, Ujerumani. Alikuwa na miaka 51 tu, naye alikwisha anza kukosea hata mapishi yake. Wanachuoni humtaja sana Daktari Alois Alzheimer, aliyemhoji na kuyaandika majibu yake. Mume hutajwa kwa nadra. Lakini ndiye aliyelemewa na malipo, akataka kumhamishia mahali pa gharama nafuu, jambo lisilostahili lawama. Alzheimer, ingawa mwenyewe alikwisha hama mji, alishikilia mgonjwa abaki palepale. Hapo hiari ya jamaa iliingiliwa na haja ya elimu. Bibi alibaki, akafa Aprili 1906. Ubongo wake ulipelekwa Munich. Na mwaka 1910 Profesa Emil Kraepelin akaupa ugonjwa huo wa kupotewa na kumbukumbu jina la daktari.