Mchezo Uliozaa Kazi

Usidhani, ewe msomaji kijana, kwamba historia ni habari za wafalme na vita peke yake. Simu iliyo mkononi mwa mwuza viazi katika soko la Karatina, au mwa dereva aendaye Nanyuki, ina historia yake pia. Na katika chanzo cha historia hiyo utakuta mchezo na mashine isiyotakiwa.

Mwaka 1969 Ken Thompson, mtaalamu wa maabara za Bell huko New Jersey, Marekani, alitunga mchezo wa kompyuta ulioitwa Space Travel. Mchezaji aliongoza chombo kati ya jua na sayari, akajaribu kutua juu yake. Lakini kompyuta kubwa aliyoitumia ilikuwa na gharama: kucheza mara moja kulikula kiasi cha dola 75. Basi akapata kompyuta ndogo, PDP-7, ambayo haikuwa na kazi nyingi, na kwa msaada wa mwenzake Dennis Ritchie akauandika mchezo upya kwa ajili yake. Katika kuihangaikia mashine ile aliijua tabia yake, na mwaka ule ule akaanza kuitungia mfumo wa kuiendesha. Mfumo huo ndio uliokuja kuitwa Unix.

Unix ilienea vyuoni, lakini ilikuwa mali ya kampuni, na ruhusa ya kuitumia ikazidi kuwa na masharti. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutunga mfumo unaofanana na Unix, ambao kila mtu angekuwa huru kuutumia, kuuchungua, kuubadili na kuwagawia wengine. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatunga mfumo wake kwa kujifurahisha tu. Mwaka 1992 akauweka chini ya leseni ya GNU, na watu wa nchi nyingi wakaja kumsaidia. Hiyo ndiyo Linux. Simu za Android, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, zimejengwa juu yake; na mwezi wa Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizoorodheshwa kuwa na nguvu kupita zote duniani zilikuwa zikiendeshwa nayo.

Je, mtu wa Nyeri atashangaa kwamba kazi ya wengi yaweza kuwa kubwa hivyo? La, hasha! Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 1972 wananchi wa Nyeri walianza jitihada za kujipatia chuo cha ufundi kwa michango yao wenyewe. Chuo hicho kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, na Desemba 2012 kikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Harambee ilijenga kwa mawe; Linux ilijengwa kwa maandishi; lakini desturi ni moja.

Tazama pia faida iliyoipata lugha yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, huko Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Wafasiri wake hawakungoja tajiri wa mbali aione lugha yetu kuwa na soko, kwani maandishi ya programu yalikuwa wazi kwa kila mtu.

Na michezo je? Wakikuyu wana mchezo uitwao giuthi, ndugu wa bao la pwani, unaochezwa kwa safu mbili za mashimo. Ubao ukivunjika, mashimo huchimbwa ardhini, kwa sababu kanuni zimo vichwani mwa watu. Mchezo uliofungiwa ndani ya kaseti ya mwaka 1983 hauna bahati hiyo: mashine ikifa, nao wafa. Ndiyo sababu wako watu wanaotunga programu za kuigiza mashine za kale, kama MAME iliyotolewa mwaka 1997. Lakini kumbuka kwamba michezo mingi ya zamani ingali na wenyewe kwa sheria, na haki yao yapasa kuheshimiwa.

Basi ukiona kompyuta kuukuu imefunikwa vumbi katika ghala la shule, usiwe mwepesi kuiita takataka. Mara nyingi iliyoshindwa na mifumo mizito ya leo huweza kuendeshwa na Linux nyepesi, na aliyeifungua akaifahamu hujifunza zaidi ya aliyenunua mpya asiijue ndani. Usiache mbachao kwa msala upitao. Nchi yenye wanunuzi tu huishi kwa akili ya wengine. Yenye vijana wanaothubutu kuuliza chombo hufanyaje kazi yaweza kujitengenezea vyake. Thompson alianza kwa mchezo. Wewe nawe cheza, lakini ucheze ukiuliza.