Kofia na Mizani: Habari za Wachinjaji wa Korea

Jioni hii twapenda kuwasimulia jinsi watu wa Korea walivyotambuana zamani, katika enzi ya Joseon iliyodumu tangu mwaka 1392 hata 1910.

Mkorea akikutana na mwenziwe njiani, alikuwa na haja ya kujua kwanza cheo chake, kwani lugha yao humlazimisha msemaji kuchagua maneno ya heshima au ya kumshusha mtu. Mwaka 1413 Mfalme Taejong aliamuru wanaume wachukue kibao cha kuwatambulisha. Wakuu walikuwa na cha pembe ya ndovu, raia cha mti. Kibao cha mtumwa kilitaja hata rangi ya uso na kimo chake.

Chini kabisa walikuwa baekjeong, yaani wachinjaji na wasusi wa vikapu. Hawakuruhusiwa kuvaa hariri, wala ile kofia nyeusi ya singa za farasi waliyovaa waungwana. Kofia yao ilikuwa ya mianzi. Aliyeiona kwa mbali alikwisha kumhukumu mwenyewe kabla hajamwona uso. Hata mtoto mdogo alisema na mzee wao kwa maneno ya kumshusha, na mzee akajibu kwa unyenyekevu.

Mwaka 1894 serikali ilifuta utumwa na tofauti za vyeo. Lakini sheria huandikwa kwa siku moja, na mazoea ya macho hayafutiki upesi. Baada ya Wajapani kuitwaa nchi mwaka 1910, daftari za serikali bado zilikuwa na alama za kuwafichua wachinjaji, na watoto wao walifukuzwa milangoni pa shule.

Ndipo mwezi wa Aprili 1923, katika mji wa Jinju, kikaanzishwa chama kilichoitwa Hyeongpyeongsa. Jina hilo latokana na mizani, chombo cha kazi yao wenyewe: walitaka watu wapimwe sawasawa. Mmoja wa waanzilishi, Kang Sang-ho, alikuwa mwana wa ukoo bora. Wenyeji wengine walighadhibika, wakagoma kununua nyama, wakamwita Kang “mchinjaji mpya.” Naye hakuwaacha wenziwe.

Sisi tufundishao twaona jambo hili si la Korea peke yake. Siku ya kuandikisha wanafunzi, macho yetu hutangulia kutazama nguo ya mtoto na miguu yake, na pengine twamwekea moyoni alama kabla hajafungua kinywa. Alama hiyo haionekani daftarini, lakini mtoto huijua. Wale wa Jinju hawakuomba kuhurumiwa. Waliomba mizani iliyo sawa, na mlango wa shule uliofunguka.