Kutoka pini 25 hadi pini 24: historia ya kebo za kompyuta, Jinja na Mbale

Nyuma ya kompyuta ya mezani iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1990 pamejaa matundu ya kila umbo. La zambarau ni la kibodi, la kijani ni la kipanya, la buluu ni la skrini, na lile pana lenye rangi ya damu ya mzee ni la printa. Rangi hizo hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Zilitoka kwenye mwongozo wa PC 99 wa Intel na Microsoft, na zilitibu kosa la kila siku: kichwa cha kebo ya kibodi na cha kipanya vilifanana kabisa, vyote vya mviringo, vyote vya pini sita.

Mashine za kizazi hicho ziliingia Uganda kwa wingi zikiwa mitumba kutoka Ulaya na Marekani, zikaishia kwenye shule na ofisi za miji kama Jinja na Mbale. Kila moja ilikuja na desturi za ilikotoka.

Kebo ya kwanza kuleta shida ilikuwa ya umeme. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth II mwezi Aprili 1954, na Uganda ikafuata mtindo wa Kiingereza: volti 240 na plagi ya pini tatu za mstatili. Kompyuta iliyotoka Ujerumani ilikuja na pini za duara. Iliyotoka Marekani ilikuja na pini bapa, na mara nyingi nyuma yake palikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Fundi aliyesahau kuisogeza kabla ya kuchomeka alisikia kishindo, akanusa moshi, kisha akaanza kutafuta pawasaplai nyingine.

Baadhi ya kebo za mashine hizo zina ukoo wa zamani kuliko kompyuta za mezani zenyewe. Mwaka 1960, chama cha viwanda vya elektroniki cha Marekani kilitoa kanuni ya RS-232, iliyokusudiwa kuunganisha mitambo ya maandishi na modemu za simu. Data ilipita biti moja baada ya nyingine. Mwaka 1970 kampuni ya Centronics ilikuja na printa iliyopokea biti nane kwa mpigo, kila moja kwenye waya wake. Kasi iliongezeka, lakini kebo ilinenepa, tena haikuweza kurefushwa zaidi ya mita chache bila ishara za waya mmoja kuingilia za mwingine.

IBM ilipotoa kompyuta yake maarufu mwaka 1981, iliweka tundu la printa lenye pini 25, ilhali printa zenyewe zilibaki na tundu la Centronics lenye nafasi 36. Ndiyo maana kebo ya printa ya zamani ina vichwa viwili visivyofanana. Kebo hiyo ilidumu miaka mingi kwenye ofisi zenye printa za kugonga, zile zinazotoa risiti pamoja na nakala zake za kaboni.

Mwaka 1987 IBM hiyohiyo ilileta matundu ya mviringo ya kibodi na kipanya, pamoja na VGA, kebo ya skrini yenye pini 15 katika safu tatu. VGA hubeba nyekundu, kijani na buluu kila moja kwenye waya wake, na kwa sababu hiyo ugonjwa wake hutambulika kwa macho. Pini ya buluu ikipinda, weupe wa skrini hugeuka njano.

Mageuzi makubwa yalikuja Januari 1996. Kampuni saba, zikiwamo Intel, Compaq, IBM na Microsoft, zilitoa USB: nyaya nne tu, mbili za umeme na mbili za data. Kabla ya hapo, kuchomoa kibodi huku mashine ikiwaka kungeweza kuua ubao mkuu. USB iliruhusu kuchomeka na kuchomoa wakati wowote. Mwaka 1998 Apple ilitoa iMac bila matundu ya zamani, na watengenezaji wengine wakafuata polepole.

Uganda Mashariki haikuhama kwa siku moja. Katika bajeti ya Juni 2009 serikali ilitangaza marufuku ya kuingiza kompyuta zilizokwishatumika, lakini zilizokuwa nchini ziliendelea kufanya kazi. Mwaka 2012 TEHAMA iliingizwa katika masomo ya ziada ya kidato cha tano na sita, na maabara za kompyuta zikawa hitaji la shule, kuanzia Busoga College Mwiri karibu na Jinja hadi Nabumali karibu na Mbale.

Wakati huohuo kebo nyingine ilikuwa inakuja kutoka pwani. Kebo ya baharini ya SEACOM ilianza kazi Mombasa Julai 2009, na Uganda, iliyokuwa ikitegemea setilaiti, ikapata njia ya baharini ya intaneti. Mkongo wa taifa wa mawasiliano ulifika Jinja katika awamu ya kwanza na Mbale katika awamu ya pili. Ndani ya jengo, kazi hiyo humalizwa na kebo ya mtandao yenye nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, ambayo kwa kanuni haipaswi kuzidi mita 100.

Kisha, mwaka 2014, ikaja USB-C. Kichwa chake ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, hakina juu wala chini, na kina pini 24. Kebo ya IBM ya 1981 ilihitaji pini 25 kwa printa peke yake. Hii huweza kubeba umeme, data na picha ya skrini kwa pamoja. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya unaitaka kwenye kila simu mpya inayouzwa huko, na viwanda vingi vinavyouza Ulaya huuza Afrika pia.

Ila kuna kilichopotea. Zamani, ukiacha kibodi na kipanya, umbo la kichwa lilieleza kazi ya kebo, na kebo ya skrini isingeingia kwenye tundu la printa hata kwa nguvu. Kebo mbili za USB-C zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikibeba wati 240 na nyingine 60, au moja ikipitisha megabiti 480 kwa sekunde na nyingine gigabiti 40. Nyingine za bei rahisi, hasa zenye kichwa cha USB ya zamani upande mmoja, hazina hata nyaya za data. Mnunuzi anayesimama kwenye kibanda cha simu Jinja au Mbale hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho. Kipimo rahisi ni kuunganisha simu na kompyuta kwa kebo inayouzwa na kuruhusu kuhamisha faili: simu ikichaji lakini faili zake zisionekane kwenye skrini ya kompyuta, mara nyingi kebo hiyo ni ya chaja tu.