Ridhaa ya Wananchi: Kutoka Vugha hadi Kura ya Maoni

Wako wanaodhani kwamba kuheshimu uamuzi wa umma ni jambo tulilofundishwa na wageni. Historia ya Usambara yatuonyesha vinginevyo. Abdallah bin Hemedi, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, asimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu. Aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama na kuamua mashauri yao, hata Washambaa wenyewe wakampa utawala huko Vugha. Baadaye, kila mfalme alipotawazwa, watu walimkumbusha waziwazi kwamba nchi ni yake, lakini asipowatunza vema watamwondoa. Hiyo haikuwa kura, bali ilikuwa ridhaa, nayo ridhaa ndiyo mzizi wa kura.

Wakoloni waliupuuza mzizi huo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, wilayani Lushoto, kisha ikaueneza sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kulima matuta milimani, kazi iliyowaelemea hasa wanawake. Kuhifadhi udongo si jambo baya. Ubaya ni kwamba wenye mashamba hawakuulizwa. Walipinga, TANU ikawaunga mkono, na mpango huo ukaachwa kabla ya Uhuru.

Je, wananchi wakiulizwa na wakajibu? Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni kuhusu kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Asilimia 66.4 walikubali na 33.6 walikataa. Katiba ya Zanzibar ikarekebishwa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba, Dk. Ali Mohamed Shein akawa Rais, na Maalim Seif Sharif Hamad, aliyeshindwa kwa kura chache, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Lakini uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, umoja huo ulivunjika, wala haukurejea hadi Desemba 2020.

Hivyo uamuzi wa umma hautimizwi kwa kuhesabu kura tu. Walioshindwa hawana budi kuukubali. Walioshinda nao hawana budi kuutekeleza mwaka hadi mwaka, bila kuwadharau waliokataa, kwa kuwa hao pia ni wenye nchi. Ndiyo maana wazee wa Vugha walimkabidhi mfalme nchi, lakini haki yao ya kusema hawakumkabidhi.