Grisi Katika Injini

Kugeuza basi la shule lililozeeka kuwa nyumba ya kusafiria ni kazi inayoanzia chini, haianzii juu. Wamarekani, ambao ndio wenye mabasi mengi ya namna hiyo, wanalijua jambo hili vizuri. Mabasi yao ya manjano yalipata rangi ile mwaka 1939, pale Dakta Frank Cyr alipowakutanisha jijini New York watu wa elimu na watengenezaji wa magari ili wakubaliane vipimo vya aina moja. Basi lililoundwa mwaka huohuo ndilo alilolinunua mwandishi Ken Kesey mwaka 1964, akasafiri nalo yeye na rafiki zake kutoka California hadi New York, wakilala na kula humohumo. Mwenye basi aliyemtangulia alikwisha kung'oa viti na kutia vitanda vya watoto wake.

Tangu hapo wengi wamefuata mkondo huo. Viti hutolewa, sakafu hubanduliwa, mbao mpya zikatandikwa. Hutiwa kitanda, jiko, tangi la maji, na siku hizi hata umeme wa jua juu ya paa. Lakini fundi mwenye busara hagusi msumeno kwanza. Hulala chali chini ya basi akitazama kutu imekula fremu kwa kiasi gani. Kisha huchomoa kijiti cha kupimia oili, akaitazama rangi yake. Fremu ikiwa nzima na injini ikiwa ilitunzwa, mengine yote ni useremala tu. Vikiwa vimeoza, hakuna pazia wala godoro litakaloliokoa basi hilo.

Kwa hiyo, msomaji wangu, nyumba ile ya magurudumu haikuanza siku fundi alipochukua nyundo. Ilianza miaka mingi nyuma, kwa dereva wa shule aliyebadilisha oili kwa wakati wake, na kwa mkuu wa gereji aliyeliegesha basi mahali pakavu siku ya mwisho ya kazi yake. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulitafakari pamoja: chombo hupata maisha ya pili kutegemea namna kilivyoachwa na mwenyewe wa kwanza.

Hapa Mpanda sijapata kuona basi la shule lililogeuzwa nyumba. Basi letu husafiri njia nyingine. Huzeekea Japani, likaja kwetu na maandishi ya Kijapani bado yako ubavuni. Likapigwa mstari wa manjano likabeba wanafunzi. Likichoka kwa wanafunzi hubeba abiria na magunia, na mwisho wake huwa juu ya mawe. Hata hivyo, mkoa wetu wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unapakana na Ziwa Tanganyika, na katika ziwa hilo kimepita chombo kilichogeuzwa kazi kuliko basi lolote la Marekani. Namaanisha meli ya Liemba, ambayo kwa miongo mingi ilitia nanga mbele ya Ikola na Karema, katika mwambao wetu.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani. Ilipokwisha kuundwa ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa Reli ya Kati kuelekea Kigoma. Huko mafundi waliiunganisha upya, ikashushwa majini mwezi Februari 1915. Iliitwa Graf von Götzen, jina la gavana aliyetawala wakati Vita vya Maji Maji vilipozimwa kwa damu na njaa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuanza, basi ikafungwa mizinga, ikawa manowari ya kulinda ziwa.

Haikudumu katika kazi hiyo. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliona kwamba Kigoma inawaponyoka, wakaamua kuizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Wangeweza kuilipua. Badala yake mafundi wake, akiwemo Anton Rüter aliyekuja nayo kutoka Papenburg, waliipaka injini grisi nzito kila mahali, kisha wakaizamisha taratibu karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Walipofungua injini zilizokuwa zimelala majini miaka ile yote, wakakuta zinafaa. Mwaka 1927 ilianza safari za abiria ikiwa na jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe.

Hapo ndipo chombo cha vita kilipokuwa nyumba ya watu. Nasema nyumba, maana safari ya Kigoma hadi Mpulungu katika Zambia ilichukua siku kadhaa, na abiria wa daraja la tatu waliishi humo kama mtu anavyoishi kwake. Mama alitandika kanga sitahani, watoto wakalala juu ya magunia ya dagaa, wachuuzi wakapanga biashara zao kwenye ngazi. Katika bandari nyingi hapakuwa na gati. Meli ilipiga honi gizani, na mitumbwi ikaja kutoka pwani imejaa mananasi, migebuka, kuku na watu, kila mmoja akigombea kupanda kabla ya mwenzake. Sijui soko jingine lililotembea kwa umbali ule.

Kisha ikaja kazi ambayo waliofunga mizinga yake hawakuiwazia hata kidogo. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuondolewa madarakani, Liemba ilikodiwa kuwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Ilikwenda na kurudi mara 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikachukua watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ikatumwa Kagunga, kijiji cha mpakani ambako Warundi walikuwa wamerundikana ufukweni wakikimbia machafuko, ikawaleta Kigoma kundi baada ya kundi. Sisi wa Katavi hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Makazi ya Katumba na Mishamo yalifunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na wengi wa watu wale leo ni raia wenzetu. Meli iliyoletwa kwa ajili ya vita ikawa chombo cha kuwaponya watu na vita.

Mtu anaweza kunipinga, na ana haki. Atasema: wale mafundi hawakupaka grisi kwa kutuonea huruma. Walidhani Ujerumani itashinda, warudi waichukue mali yao. Ni kweli kabisa. Hawakumfikiria mama wa Ikola na kuku zake. Lakini naona jibu liko humohumo katika pingamizi hilo. Walitunza kwa sababu walitarajia kurudi. Mtu anayetarajia kurudi huacha nyumba imefagiliwa. Anayejua kwamba harudi huacha mlango wazi na moto jikoni.

Tazama hapa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilijengwa reli ya tawi, kilomita zipatazo 210, kutoka Kaliua hadi Mpanda, kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ule haukuishi sana. Kufikia wakati wa Uhuru ulikuwa umefungwa. Kampuni ilikuja kwa ajili ya risasi, na risasi ilipoacha kulipa haikuwa na sababu ya kurudi, wala mgodi haukupata mrithi. Reli ilimpata, kwa kuwa ilishikamana na Reli ya Kati, na siku zote alikuwapo mtu wa kukaza boliti zake. Ikageuzwa kazi bila kelele: badala ya risasi ikabeba mahindi, mpunga na abiria, ikawa njia ya maelfu ya watu kutoka na kuingia Mpanda. Hali kadhalika Karema. Ngome iliyojengwa huko mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilikabidhiwa kwa mapadre wa White Fathers mwaka 1885, ikawa misheni. Palikuwa na mkono uliotoa na mkono uliopokea.

Sasa linganisha na yadi zetu. Katika miji mingi utakuta nyuma ya ofisi magari yamepangwa kwenye majani marefu yakisubiri mnada. Siku yalipoegeshwa mengi yalikuwa na ugonjwa mdogo tu. Hakuna aliyemwaga maji ya rejeta, hakuna aliyefunga madirisha, hakuna aliyeondoa betri. Baada ya mwaka mmoja taa hazipo. Baada ya miaka mitatu mti umeota katikati ya fremu, nyoka amefanya kiota penye usukani. Mnada unapofika, kinachouzwa ni chuma chakavu. Gari ambalo lingekuwa kliniki ya kutembelea vijiji, au maktaba, au walau duka la kijana mmoja, limekufa mikononi mwa watu waliokuwa wakilitazama kila asubuhi.

Husemwa kwamba sisi ni maskini, ndiyo maana hatuwezi kutunza. Sikubaliani na neno hilo. Kopo la grisi ni bei ndogo. Kinachokosekana ni ile hisia ya kwamba kuna mtu anakuja nyuma yangu, nisiyemjua jina, atakayeishika kazi hii pale nilipoiachia. Dereva anayepewa gari jipya hukabidhiwa kwa saini na picha. Dereva anayeliacha gari kuukuu haulizwi chochote. Laiti tungegeuza desturi hiyo, tukafanya siku ya kuliacha gari iwe na saini nzito kuliko siku ya kulipokea, mafundi wetu wa Mpanda wangetuonyesha maajabu. Mikono wanayo. Fundi anayeweza kulivalisha lori bodi ya basi hashindwi kulitia basi kitanda na jiko.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Nami naongeza: ukilazimika kuuacha, basi ukung'ute vumbi, uukunje, uuweke mahali pakavu. Atakayekuja kuutandika hukumwahidi chochote, lakini atalala juu yake.