"Sheria ya Obama" haikutungwa na Obama: namna Marekani inavyoamua mambo ya Kongo

Katika machimbo ya Kivu Kusini, toka Walungu hadi Misisi kule Fizi, wachimbaji wengi wanaijua sheria moja ya Marekani kwa jina la "Sheria ya Obama". Waliopoteza soko la madini mwaka 2011 wanamtaja Obama kana kwamba aliketi peke yake akaiandika. Haikuwa hivyo. Njia iliyopitiwa na sheria hiyo inaonyesha namna serikali ya Marekani inavyofanya kazi, jambo linalowahusu pia wahami wa Uvira na ndugu zao walioko kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wanaongoja kila siku kusikia Washington imesema nini.

Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, iligawa mamlaka mafungu matatu. Bunge lao, Kongresi, hutunga sheria na kupitisha bajeti. Lina vyumba viwili kama la Kinshasa: Baraza la Wawakilishi lenye watu 435, wanaochaguliwa kila miaka 2, na Seneti yenye watu 100, wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo. Rais hutekeleza sheria. Anachaguliwa kwa miaka 4, si zaidi ya mara mbili, na hakuna waziri mkuu chini yake. Fungu la tatu ni korti. Korti Kuu ina majaji 9. Rais anawateua, Seneti inawakubali, na baada ya hapo rais hawezi kuwafukuza.

Turudi kwenye madini. Mwaka 2009 seneta Sam Brownback wa Kansas, wa chama cha Republican, alipeleka muswada juu ya madini ya Kongo yanayolisha vita. Haukupita. Mwaka uliofuata Kongresi ilikuwa inatunga sheria kubwa ya kuyabana mabenki, baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Brownback, pamoja na Russ Feingold na Dick Durbin wa chama cha Democratic, wakaliingiza jambo la Kongo humo humo. Ndicho kifungu cha 1502 cha sheria iitwayo Dodd-Frank.

Wawakilishi waliipitisha kwa kura 237 dhidi ya 192, Seneti kwa 60 dhidi ya 39. Ajabu ni kwamba Brownback na Feingold wote wawili walipiga kura ya hapana siku ya mwisho. Feingold aliona haiyabani mabenki vya kutosha. Kule mbunge hapigii kura kifungu anachokipenda peke yake. Anakubali mzigo mzima au anaukataa. Obama alitia sahihi tarehe 21 mwezi wa saba 2010. Feingold huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa mjumbe wa Marekani katika Maziwa Makuu mwaka 2013.

Kifungu hicho hakikataza mtu kununua madini ya Kongo. Kinazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani zitangaze kama bati, koltani, wolframu au dhahabu wanayotumia inatoka Kongo au nchi 9 jirani, Burundi na Tanzania zikiwemo. Lakini mwezi wa tisa 2010 Rais Joseph Kabila alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema hadi mwezi wa tatu 2011. Hiyo ilikuwa amri ya Kinshasa. Machimbo yalipofunguliwa, wanunuzi wengi wa ng'ambo wakaukataa mzigo usio na lebo, maana kuacha kununua kulikuwa rahisi kuliko kuchunguza. Mambo matatu tofauti, yaliyotoka mikono mitatu, yakabebeshwa jina moja.

Safari haikuishia hapo. Sheria ilipewa tume inayosimamia soko la hisa iandike kanuni zake, na tume hiyo ilizipitisha mwezi wa nane 2012 kwa kura 3 dhidi ya 2. Wenye viwanda wakaenda kortini. Tarehe 14 mwezi wa nne 2014 korti ya rufaa ya Washington ikaamua kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kuandika yenyewe kuwa bidhaa zake hazijathibitika kuwa safi, kwa sababu Katiba inalinda uhuru wa kusema. Sehemu nyingine ikabaki.

Mwaka 2017 Donald Trump akaingia. Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada uliokuwa pia na kipengele cha kukifuta kifungu cha 1502, Seneti haikuupitisha, kwa hiyo kifungu hakikufutwa. Ila mwezi wa nne mwaka huo tume ilikuwa imetangaza kuwa haitafuatilia sehemu kubwa ya uchunguzi unaotakiwa. Sheria iliendelea kuwepo huku mkono wa kuisimamia ukilegea.

Mambo ya wakimbizi yanakwenda vingine. Sheria ya mwaka 1980, iliyotiwa sahihi na Jimmy Carter, inampa rais mwenyewe nafasi ya kupanga kila mwaka idadi ya watakaopokelewa, akishauriana na Kongresi. Ndiyo maana idadi inapanda na kushuka upesi. Trump aliishusha hadi 15,000 kwa mwaka wa bajeti wa 2021. Joe Biden akaipandisha hadi 125,000 kwa mwaka uliofuata. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, siku aliyorudi madarakani, Trump alisimamisha mpango wote. Jaji mmoja wa Seattle akaizuia amri hiyo mwezi wa pili. Mwezi wa tatu korti ya rufaa ikairudishia sehemu kubwa ya nguvu zake. Familia iliyokuwa imeshafunga mizigo ilisikia "mlango umefunguka" na "mlango umefungwa" ndani ya majuma machache, na habari zote mbili zilikuwa za kweli.

Kwa hiyo redio ikisema "Marekani imeamua", kuna swali la kuuliza kwanza: ni nani? Sheria ya Kongresi inadumu mpaka Kongresi yenyewe iifute au korti iivunje. Amri ya rais inaweza kufutwa na rais anayefuata kwa siku moja. Uamuzi wa jaji wa chini unaweza kugeuzwa juu.

Na mpango huo wa wakimbizi kwa kawaida ni wa waliokwisha kuvuka mpaka na kuandikishwa kama wakimbizi. Mhami aliye ndani ya Kongo hana faili huko. Huduma za HCR hazilipiwi. Anayepita Kavimvira au Kalundu akiomba dola ili "kufungua faili ya Amerika" hajatumwa na Kongresi, wala na rais, wala na korti.