Leica za zamani: kamera zisizodai betri, na wewe usije ukapigwa

Juzi mdau mmoja kanionyesha picha za kamera aliyoiona inauzwa mtandaoni. Imepakwa rangi ya dhahabu, imechorwa tai, na juu yake imeandikwa Olimpiki ya Berlin 1936. Muuzaji anasema eti ni Leica adimu. Mdau anauliza: auze simu yake akainunue?

Jibu fupi: usiuze, ndugu yangu. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Ukizifahamu kamera hizi utajua mwenyewe ipi ya kweli na ipi ni changa la macho.

RENJIFAINDA NI KITU GANI?

Ni kamera ya filamu yenye kipima umbali ndani yake. Ukiitazama kwa mbele unaona vidirisha vilivyoachana kidogo. Ukichungulia kwa nyuma, katikati kitu kimoja unakiona mara mbili, kama mtu na kivuli chake. Unazungusha pete ya lenzi mpaka zile taswira mbili ziwe moja. Zikishakutana, fokasi tayari, bonyeza.

Tofauti na kamera za SLR, humu hamna kioo kinachoruka unapopiga. Sauti inakuwa ndogo, na jicho lako haliwekewi giza hata kidogo wakati picha inachukuliwa. Ndiyo maana wapiga picha wa mitaani na wa habari walizipenda.

Kasoro nazo zipo, tusidanganyane. Unachungulia kupitia kidirisha, siyo kupitia lenzi, kwa hiyo unaweza kupiga filamu nzima ukiwa umesahau kifuniko cha lenzi na usijue! Lenzi ndefu kupita milimita 135 hazifai humu. Na nyingi hazikubali kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 70 au mita moja.

ZILIKOTOKA

Fundi Mjerumani Oskar Barnack, wa kiwanda cha Leitz katika mji wa Wetzlar, ndiye aliyetengeneza kamera ndogo ya kutumia filamu ya sinema ya milimita 35. Leica ya kwanza ya kuuzwa ilionyeshwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1925. Mwaka 1932 ikaja Leica II, yenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Mwaka 1954 ikatoka M3, na kabla haijasimamishwa mwaka 1966 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 220,000.

Mfaransa Henri Cartier-Bresson alianza kutumia Leica mwaka 1932. Mwenyewe alisema picha iliyomwasha moto ni ya Martin Munkácsi, ya wavulana watatu wakikimbilia majini, inayojulikana duniani kwa jina la Ziwa Tanganyika. Sasa sikilizeni hili: Cartier-Bresson aliifunika kamera yake kwa utepe mweusi ili isimetemete. Yaani alitaka isionekane kabisa.

KWA NINI ZINADUMU

Shata ya M3 ni pazia la kitambaa, springi na meno ya chuma. Unavuta filamu kwa kidole, na hapo hapo springi inajazwa nguvu. Inapiga kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000 bila betri yoyote. Hata M6 ya mwaka 1984, betri yake ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, kamera inaendelea na kazi. Fundi anaweza kuifungua, kuisafisha, kuitia mafuta, na ikarudi barabarani. Kiwanda chenyewe kilitoa M-A mwaka 2014, isiyo na betri wala kipima mwanga, na mwaka 2022 kikairudisha M6.

MATOLEO MAALUMU

Hapa ndipo hela zinapoanza kuongea. Mwaka 1929 zilianza kutoka Leica Luxus, zenye dhahabu na ngozi ya mjusi. Mwaka 1979, kuadhimisha miaka 100 tangu azaliwe Barnack, ikatoka M4-2 ya dhahabu. Matoleo ya namna hii mengi hubaki kwenye boksi, manake yakichubuka tu bei inashuka. Kamera isiyopigwa picha hata moja!

Lakini mwaka 2015 Leica ilitoa seti 125 za toleo la mwanamuziki Lenny Kravitz, kamera ya dijitali mpya kabisa iliyochubuliwa rangi kwa mkono kiwandani ili ionekane imetumika. Na Leica iliyovunja rekodi kwenye mnada, Juni 2022 kule Wetzlar, haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa Leica namba 105 ya majaribio, ya mwaka 1923, iliyokuwa kamera ya Barnack mwenyewe na yenye jina lake. Ilikwenda kwa Euro milioni 14.4. Kilicholipiwa pale ni historia ya kweli.

TURUDI KWA MDAU WETU

Mwaka 1934 kule Kharkov, Ukraine, walianza kutengeneza kamera ya Fed kwa kuiga Leica II. Mwaka 1948 ikafuata Zorki ya Urusi. Ni kamera nzuri tu za kujifunzia. Tatizo ni wajanja waliokuja baadaye, wakazifuta majina, wakazichora tai na Olimpiki, wakazipaka dhahabu, wakaziita Leica.

Kabla hujatoa hela, fanya haya:

1. Fungua lenzi, chungulia ndani sehemu ya juu. Kuna mkono mdogo unaogusa lenzi. Kwenye Leica hizi za zamani ncha yake ni kigurudumu cha duara. Kwenye Fed na Zorki ncha ni kama kabari.
2. Linganisha namba ya kamera na orodha za namba za Leica. Isipoendana na mwaka anaokutajia, ondoka.
3. Piga shata kwenye kasi ya polepole kuliko zote iliyo nayo. Ikikwama, mafuta yamekauka.
4. Mulika pazia kwa tochi uone kama lina matundu.
5. Mulika lenzi pia. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar unyevu wetu unaleta kuvu, inatambaa kwenye kioo kama utando wa buibui.

Mdau, kama unataka kupiga picha, Fed inayojiita Fed inakutosha, na chenji inayobaki nunua filamu. Ile ya dhahabu mwachie mwenyewe.

Nani ana kamera ya babu kabatini? Tupe stori yake kwenye maoni kabla muda wako hapo kafe haujaisha.